Kidole Ndani ya Kitabu

Tangu sheria ile ipite, kila nyumba ilitundika sebuleni picha ya Mwalimu Shekiondo, mwanafalsafa wa kale, na kila mwaka mkaguzi alipita kusikiliza watu wakiifasiri. Jibu lilikuwa moja tu: kidole chake ndani ya kitabu ni hekima isiyokoma. Namsifu alilitoa kama kasuku.

Mkaguzi akatabasamu. "Na ile ya kwamba alikatizwa akisoma, mama? Kwamba anamtazama aliyekuja kumkamata?"

Maneno hayo Namsifu alimnong'oneza mumewe tu, kitandani.

Akamgeukia. Mumewe, Elirehema, alikuwa akiinyoosha picha ukutani, nayo wala haikuwa imepinda.

"Nguo nimeshakupangia, Mama Nanzia," akasema bila kugeuka. "Na sweta nimetia. Kule kuna baridi."