Kanga Analala Wapi

"Nataka elfu arobaini yangu," alisema Kanga, "na swali lako silijibu."

"Basi hulipwi!" alifoka Fisi, mweka hazina wa mbuga, ambaye juzi tu alishindwa uenyekiti. Kanga ndiye aliyehesabu kura na kusoma matokeo, na sasa alikuwa amekuja kuchukua posho yake. "Kila aliyehesabu aseme anapolala. Nitabandika mtini, wote wasome. Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa lini? Nilihesabu hadharani, mbele ya macho yako. Una shaka? Sanduku lile pale, tuhesabu tena. Vifaranga wangu hawakushika hata kura moja."

Nyuma yake kwenye foleni ya posho alichungulia Ngedere, ambaye hakuna jambo asilotaka kulijua.

"Mzee Fisi, mbona sanduku hulitaki, unataka kiota?"

"Nikampongeze," alijibu Fisi, akifuta udenda.

"Si umpongeze hapa hapa?"

"Usinifundishe kazi! Anayetumikia umma hana cha kuficha."

"Ahaa." Ngedere alijikuna kichwa. "Na wewe si unashika fedha za umma? Unalala wapi, tubandike na kwako?"

Fisi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Wee! Kule kuna watoto wangu! Wao na hazina wapi na wapi?"

Wote waligeuka wakamtazama. Kanga hakucheka. Alisogea mpaka mezani.

"Hata kwangu wapo," alisema. "Nipe elfu arobaini yangu."