Hatua ya Saba

Ngwali alikuja kurudisha ovaroli tu. Miezi mitatu meneja alimfuata nyuma akiandika kila alichokifanya kwenye boila za kiwanda cha sukari, na kitabu kilipokamilika wakamwachisha kazi.

Kupitia dirisha la chumba cha boila akamwona fundi mpya, Chausiku, amekishika kitabu hicho, meneja kando yake.

"Hatua ya saba," Chausiku akasoma kwa sauti. "Gusa bomba la maji, kisha fungua koki."

Akaligusa bomba, mkono ukiwa ndani ya glavu nene.

"Vua glavu!" Ngwali akapiga kelele. "Utalisikiaje?"

Mlinzi akampiga rungu la mdomo. "Wewe si wa humu tena, mzee." Ngwali akatema jino, akapiga kelele tena, akapigwa tena.

Chausiku akafungua koki.

Bomba likapasuka. Mvuke ukamzoa Chausiku ukambamiza ukutani, na vioo vya dirisha vikammwagikia mlinzi usoni. Ngwali akaruka ndani, akamburuta dada wa watu hadi penye boila ya pili. Alipomvua glavu, ilitoka na ngozi.

Meneja akamkwida Ngwali shingoni, uso umembabuka. "Ulificha! Kwa nini hukusema?"

"Uliandika kwamba nagusa. Hukuniuliza kwa nini. Likitetemeka, hufungui. Unakimbia."

Meneja akainua ngumi. Ngwali hakumtazama. Kiganja chake kitupu kilikuwa juu ya bomba la boila ya pili, na matone ya damu yake yalikuwa yakirukaruka juu ya chuma.