Jina kwa Bei ya Pipi

Ngedere aliuza majina ya mtandaoni, na mdomo wake ulikuwa mtamu. "Jipatie jina kwa bei ya pipi!" alinadi. Nungunungu, mpishi wa uji wa ulezi, akanunua jina la Uji Moto, na mwaka mzima wateja wakampata kwa jina hilo.

Mwaka ulipoisha, Ngedere akamwambia, "Kulilipia tena, dada, ni bei ya mbuzi."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

Nungunungu akakataa. Ngedere akacheka, akalielekeza jina kwenye simu yake mwenyewe ili wateja wa uji wampigie yeye na faida iwe yake.

Alfajiri simu ikalia. Ngiri alitaka vikombe sita. Kiboko alitaka ndoo nzima, tena alikuwa njiani. Ngedere hakuwa hata na sufuria! Kufikia saa nne, wenye njaa walikuwa wakiutikisa mti wake.

Akachomoka mbio hadi jikoni kwa Nungunungu. "Dada, lichukue jina lako kwa pipi ile ile!"

"Na mwaka wa pili?"

"Pipi."

"Andika."

Ngedere akaandika, na tangu siku hiyo tangazo lake hutaja kwanza bei ya mwaka wa pili. Nungunungu akapakua uji, na kikombe cha kwanza akampa Ngedere, maana alikuwa hajala tangu simu ilipoanza kulia.