Mama Azamia

Bi Mwanajuma alikwenda kisiwani kumrudisha nyumbani binti yake, Riziki, aliyekuwa akiwaongoza watalii kuzamia kwenye matumbawe.

"Kazi gani hii ya kuchezea roho? Basi, mwanangu."

"Zamia nami mara moja tu, mama. Ukitoka bado hujaridhika, nafunga mizigo."

Mama akakubali kwa hasira. Akavishwa mtungi wa hewa na miwani ya kuzamia iliyofunika macho na pua, wakashuka pamoja taratibu pasipo na kina kirefu. Ghafla maji yakaingia kwenye miwani yake. Bi Mwanajuma akatapatapa, akataka kung'oa bomba la hewa kinywani. Riziki akalizuia kwa kiganja, akamshika shavu kwa mkono wa pili, akamwonyesha namna ya kutoa pumzi kwa pua, polepole. Mama akamwiga. Maji yakatoka. Mbele yake akamwona mwanawe, ametulia, macho kayakaza kwake tu, na samaki wa manjano wanapita nyuma yake bila kutazamwa.

Walipopanda botini, Riziki akauliza, "Haya mama, nifunge mizigo?"

Bi Mwanajuma alimkalisha mbele ya magoti yake, akaanza kumkamua maji ya chumvi nyweleni, msuko mmoja baada ya mwingine.