Vidole Vinne Chini ya Goti

Kila asubuhi kabla ya shule, binti yangu Salha huketi kitandani kando ya baba yake na kuninyoshea mguu. Chi, ile nguvu ya uhai ipitayo katika mikondo ya mwili, imemkauka mume wangu Hamdani, nayo huhamishwa kati ya ndugu wa damu tu. Mke si damu. Nimemzalia watoto wawili, lakini si damu.

Napima vidole vinne chini ya goti. Vidole vya Salha, si vyangu. Kila mwili hupimwa kwa mkono wake wenyewe. Nachoma sindano, naiunga kwa uzi wa shaba na ile iliyo mguuni kwa baba yake, kisha nauliza, "Umesikia uzito?"

Uzito ndio dalili kwamba sindano imeishika chi. Siku zote hujibu ndiyo.

Leo alitikisa kichwa. Niliisokota sindano, nikaisokota tena.

"Mama, sisikii kitu," alisema. "Tangu wiki iliyopita sisikii. Nilikuwa nasema ndiyo ili usihangaike."

Hamdani alifumba macho. "Basi, mama Salha. Niache."

Nilimlaza Salha karibu naye. Midomo yao ilikuwa na rangi moja, ya majivu.

Kisha nilikwenda kwenye kitanda cha mdogo wake, Tausi, aliyetimiza miezi saba juzi. Nilivishika vidole vyake vinne, nikavilaza chini ya goti lake, naye akacheka, akidhani tunacheza.