Mgomba wa Kitovu

Siku hizi kila shamba lina kisanduku kinachosikia mimea ikiambiana kupitia nyuzi za uyoga ardhini. Mgomba ukilia, huhesabiwa mgonjwa, na sheria ni kuung'oa ndani ya siku moja usije ukaambukiza mingine.

Jana ulilia mmoja. Mama mkwe alikuwa ameukata majani ya kufunikia chungu tu.

"Hauumwi, mama. Umeumizwa," nikamwambia.

"Kamwambie bwana shamba," akajibu, akachukua jembe.

Tulipoung'oa, mitatu iliyokuwa kando yake ikalia. Leo tumeing'oa hiyo, na mingine saba imelia.

Unaofuata kwenye mstari, ambao bado haujalia, ni ule tuliozika kitovu cha mwanangu Nakijwa chini yake. Nimeupigia magoti, naupapasa kama mgongo wa mtoto.

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza."

Lakini udongo hapa ni mweupe kwa nyuzi, na nyuma yangu panga linanolewa kwa ajili ya ile saba.