Mkono wa Kushoto wa Nyaga

Raundi ya nne ilikuwa inaelekea ukingoni, na Nyaga alikuwa bado hajarusha mkono wake wa kushoto hata mara moja.

Mzee Mbaka, mwalimu wake, alisimama kwenye kona na ndoo na taulo. Mwanzoni alidhani ni ujanja. Mkono ule aliufundisha yeye mwenyewe, tangu Nyaga akiwa kijana mwembamba wa Kianjokoma asiyeweza kujaza shati. Ndio uliompeleka Nairobi na Kampala, akalipwa kwa ngumi katika uzito wa bantam, miongoni mwa mabondia wepesi wanaoruka kama panzi. Halafu ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Watu wa Embu na Meru wakafungiwa barabara, na bondia wa kulipwa akabaki kupigana uwanja wa soko kuwafurahisha maafisa.

Lakini leo Mbaka hakuja kutafuta furaha. Ngari, mwanawe wa pekee, alikuwa amefungwa kwenye kambi ya kilimani, na Jumatatu lori lingempeleka kizuizini Manyani, mbali kabisa. Bwana D.O., Mzungu mkuu wa tarafa na mpenda ngumi kupindukia, alikuwa ametamka mbele ya watu kwamba Nyaga akimwangusha Riungu, yule askari wa Meru, Ngari hatapanda lori. Asipomwangusha, basi.

Nyaga alikuwa ameipokea habari hiyo asubuhi kwa uso mkavu. "Mzungu ameahidi na mdomo, mzee. Mdomo hauna mhuri."

"Wewe mwangushe tu. Mengine niachie mimi."

Nyaga aliendelea kufunga kamba za viatu.

Sasa kengele ililia, akaja kuketi kwenye kigoda, jicho moja limevimba.

"Kushoto!" Mbaka alimkaripia kwa sauti ya chini. "Huyo anaacha kidevu wazi. Hata mimi na uzee huu ningemlaza!"

"Bado, mzee."

"Bado nini? Ngari ana bado gani?"

Nyaga aliwatazama watu waliouzunguka ulingo. Uwanja ulikuwa umefurika. Hata homugadi, wale askari wenyeji wa serikali wanaolinda kambi, walikuwa wameteremka na bunduki zao kumshangilia Riungu, wakamwachia mpishi lango. Aliyekosekana ni Wawira, mke wa Nyaga, ambaye hakosi pambano la mumewe. Labda alimwonea mumewe aibu mapema, Mbaka alijisemea kwa uchungu.

Raundi zikafuatana. Riungu alichoka, mikono ikamshuka, akawa anasimama mbele ya Nyaga kama mtu anayesubiri kunyolewa. Na Nyaga, badala ya kummaliza, alimkumbatia na kumshikilia asianguke.

Hapo Mbaka akaelewa. Kijana amenunuliwa.

Huyu ndiye aliyekula kwake miaka yote. Huyu ndiye aliyelala blanketi moja na Ngari walipokuwa wadogo, wakigombania upande wa ukutani. Kweli asante ya punda ni mateke, na kikulacho ki nguoni mwako.

Raundi ya kumi ilipokwisha, refa aliinua mkono wa Riungu. Nyaga alishuka ulingoni midomo imepasuka, na Mbaka hakuamini alichokiona: alikuwa anatabasamu.

"Mzee, twende kwangu," Nyaga alisema, akimshika mkono. "Twende sasa hivi. Nitakueleza nyumbani."

"Kwako? Nikanywe uji wa Riungu?"

"Si hapa, mzee. Tafadhali."

Mbaka alijikwanyua. "Umeniulia mtoto," alisema, akatema mate chini.

Hasira ikambeba moja kwa moja hadi kwenye kiti cha D.O. Akavua kofia. "Bwana, huyu Nyaga amekula kiapo cha watu wa msituni."

D.O. akaacha kucheka. "Wewe najua namna gani?"

Mbaka alijua jambo moja, lililojulikana na yeye na watu wa nyumbani kwa Nyaga peke yao. Chini ya kitanda cha Nyaga palikuwa na shimo la zamani la kuvundikia ndizi, na humo ndimo chakula cha watu wa msituni kilimofichwa. Siri hiyo alikuwa ameilinda hata alipopigwa na homugadi mpaka akapoteza meno. Sasa aliitoa yote, hata upande wa kukivutia kitanda. Kila neno lilimpa raha.

Filimbi ikapigwa. Nyaga alitiwa pingu kabla hajamaliza kufungua bendeji mikononi. Alipoona wale homugadi wanashika njia ya kwake, na Mbaka yuko mbele anawaongoza, alianza kupiga makelele.

"Mzee, warudishe! Nakuomba, mzee, warudishe!"

Mbaka hakugeuka. Hebu naye aonje, alisema moyoni.

Nyumbani walimkuta Wawira amesimama mlangoni, ameuziba kwa mikono miwili. Hakuuliza wanataka nini. Alimtazama Mbaka tu, macho yamemtoka, akafungua mdomo, lakini kitako cha bunduki kikamtupa pembeni kabla hajasema. Mbaka akaonyesha kwa kidole. Kitanda kikaburutwa, mbao zikainuliwa, mtutu ukaelekezwa shimoni.

"Toka! Mikono juu!"

Ikatoka mikono miwili, kisha kichwa kilichojaa majani makavu ya migomba. Ngari alipepesa macho kwenye mwanga, akamwona baba yake amesimama katikati ya bunduki.

"Baba," alisema kwa huzuni, "hata wewe wamekushika?"